Pindo la Sentimita Nane

Januari hapa Newala haina haya.
Wanakuja wote siku moja, wamekumbatia
mita mbili za buluu ileile ya duka lilelile,
na kila mzazi ananiambia, "Fundi, mpaka Jumatatu,"
kana kwamba Jumatatu ameizaa yeye.

Cherehani yangu ina mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Napima kiuno, napima nyonga, nashuka hadi gotini,
halafu naongeza sentimita nane
ambazo hazimo kwenye karatasi ya mkuu wa shule.
Nazikunja kwa ndani.
Wenye korosho wana ghala. Msichana ana pindo.

Sheria imebandikwa getini:
sketi ivuke goti kwa vidole vinne,
shati jeupe, jeupe kabisa, viatu vyeusi vya kamba.
Vidole vya nani, haikusema.
Na aliyeandika "jeupe kabisa" sijui anafulia wapi.
Huku juu maji yanapanda mlima kwa pikipiki,
dumu kwa dumu, kwa bei ya mwenye pikipiki,
na vumbi letu jekundu halidai nauli.
Msimu wa mabibo ndio usiseme:
mtoto akifyonza moja njiani, tone likamdondokea kifuani,
basi. Ndimu, sabuni, jua, dua,
doa limekaa kama mwenye nyumba.
Nimeshona mifuko mingi
mahali ambapo shati halikuhitaji mfuko.

Somoe Dadi nilimshonea alipoingia kidato cha kwanza.
Mwaka wa pili nikafumua kidogo,
pale penye mkunjo ukabaki mstari mweupe.
Mwaka wa tatu, mstari mwingine.
Ukimtazama kwa nyuma akienda, unamhesabu.
Mwaka wa nne kitambaa kikaisha, miguu haijaisha,
na baba yake anangoja malipo ya mnada wa pili;
wamemwambia wiki ijayo,
tangu wiki ile.

Jumatatu akarudishwa, hata saa tatu haijafika.
Mwalimu wa zamu, Nantende, alimpigisha magoti
kwenye changarawe, mbele ya gwaride zima,
akaweka rula. Sketi haikugusa chini.
"Unataka kumwonyesha nani?"

Alikuja moja kwa moja kwangu, na begi mgongoni.
"Shangazi," akasema, "nimerefuka,"
kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Nikamwaga gunia la vipande sakafuni.
Kulikuwa na buluu iliyobaki kwenye sare za kwaya,
imechangamka mno, buluu ya Krismasi.
Nikaiunga chini, vidole vinne,
vyangu mimi, ambavyo ni vinene.
Buluu mbili hazikusalimiana.
Jumanne hakurudishwa.
Sikuuliza kama ni huruma
au zamu ilikuwa ya mwalimu mwingine.

Ijumaa jioni Nantende akaingia mwenyewe
na kitenge cha harusi ya mdogo wake.
Nikamsimamisha penye mwanga, karibu na mlango.
Nikashika tepu, nikapiga magoti mimi.

Goti hilo nalijua.
Nililipima likiwa na kovu bichi la kuanguka kisimani,
sketi ya darasa la sita, mistari mitatu,
na mama yake aliipaka wino wa kalamu kila Jumapili
isionekane. Mvua ikinyesha
wino ulikuwa ukimchuruzika hadi kwenye soksi.

Hakusema. Sikusema.
Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, haiwaki.
"Tuache pindo?" nikauliza, pini mdomoni.
Akacheka kidogo, puani.
"Mimi sirefuki tena, dada."
Nikachukua chaki, nikaanza kuchora.
Kisha, akiwa anatazama lile gunia la vipande
ambalo sikuwahi kulirudisha mahali pake:
"Lakini acha."

Nikaandika daftarini:
Nantende. Kitenge. Chini ya goti.
Na nane.